Sura ya 7: Kadi Mbili, Kioo Kimoja

Kwenye meza za mafundi kompyuta wa Buzebazeba, katikati ya Kigoma Mjini na Ujiji, kuna swali lisilochuja. Kijana amepata kompyuta ya mtumba yenye kasha kubwa. Amefungua ubavu wake, ameona matundu mawili marefu kwenye mazabodi, na moja tu ndilo lenye kadi ya michoro. "Fundi, hili la pili tukilijaza, gemu si litakimbia mara mbili?" Fundi mkweli humjibu, "Hapana, mdogo wangu." Fundi mwenye kadi ya kuuza humjibu vingine.

Jibu la hapana lahitaji maelezo, kwa sababu wazo la kijana si la kijinga. Makampuni makubwa mawili yaliliuza wazo hilohilo duniani kote kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na watu wenye fedha zao walilinunua. Tena kuna kazi ambazo mpaka leo kadi mbili, nne, hata elfu, huzifanya vizuri kuliko moja. Kinacholeta shida ni gemu lenyewe.

Tuanze na kilichomo ndani ya kadi moja. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake zaidi ya milioni mbili. Gemu likitembea vizuri hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake pikseli zaidi ya milioni 124 zinapakwa rangi kila sekunde, na nyingi hupigiwa hesabu zaidi ya mara moja: mwanga, kivuli, ukungu, maji. Prosesa kuu ya kompyuta ingezama kwenye hesabu hizo. Kadi ya michoro haizami kwa sababu ndani yake mna umati. GTX 970 ya mwaka 2014 ina vikokotoo vidogo 1,664; RTX 4060 ya mwaka 2023 ina 3,072. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye akili nyingi, ila vyote vinafanya kazi kwa pamoja.

Kwa hiyo kugawana kazi si jambo geni kwa kadi. Ndiyo maisha yake. Kinachostaajabisha ni kwamba vikokotoo elfu tatu hupatana ndani ya kipande kimoja cha silikoni kisichozidi ukucha wa dole gumba kwa mengi, lakini kadi mbili zilizopangwa sentimita chache moja juu ya nyingine hugombana. Ukielewa kwa nini, fundi mwenye kadi ya kuuza hatakuweza.

Zamani zilipatana. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ya California ilitoa kadi iitwayo Voodoo2, na mtu aliweza kufunga mbili na kuziunganisha kwa waya mfupi. Mgawo wake wa kazi ulikuwa rahisi kabisa: kadi ya kwanza ilichora mistari witiri ya kioo, ya pili ilichora mistari shufwa. Mfumo huo waliuita SLI. Aliyekuwa na moja aliishia picha ya 800 kwa 600. Mwenye mbili alifika 1,024 kwa 768, na kasi ikapanda sana. (Mtu huyo kwa kweli alikuwa na kadi tatu, maana Voodoo2 ilijua kuchora magemu tu na ilihitaji kadi nyingine ya kawaida kuonyesha madirisha na maandishi. Tusiwaonee wivu sana.)

Ilifanikiwa kwa sababu magemu ya 1998 yalikuwa mepesi wa fikra. Pikseli ya mstari wa tano haikuwa na haja ya kujua kilichotokea kwenye mstari wa sita, wala picha ya sasa haikuuliza picha iliyopita ilikuwaje. Kila mstari ulijitegemea. Kazi ya namna hiyo unaweza kuikata kwa kisu, ukampa kila mtu kipande chake, msionane mpaka mmalize.

3dfx haikudumu. Kadi yake ya mwisho ya kifahari, Voodoo5 6000 yenye chipu nne, haikuwahi kuingia sokoni, na Desemba 2000 Nvidia ilitangaza kununua mali zake. Miaka ile kadi zilikuwa zinachomekwa kwenye tundu la AGP, na mazabodi ilikuwa na tundu hilo moja tu, kwa hiyo habari ya kadi mbili ililala. Ilipokuja PCI Express, yenye nafasi ya matundu mengi, Nvidia ililifufua jina la SLI mwaka 2004 na kadi za GeForce 6800. Mwaka uliofuata mpinzani wake ATI akaja na CrossFire, na AMD ilipoinunua ATI mwaka 2006 ikairithi vita hiyo.

Kumbe kilichofufuka kilikuwa jina tu. Kukata picha mstari kwa mstari hakukuwezekana tena, maana magemu yalishakuwa mazito na pikseli zilishaanza kuulizana habari. Njia iliyoshika ikawa ya kupokezana: kadi ya kwanza inachora picha ya kwanza, ya pili inachora picha ya pili, ya kwanza inarudi kwa ya tatu, na kuendelea. Kwenye karatasi kasi inakuwa mara mbili. Ukipima picha kwa sekunde, mara nyingi namba ilikuwa nzuri kweli: asilimia sabini, themanini, tisini zaidi ya kadi moja, gemu likikubali.

Lakini namba na jicho ni mashahidi wawili tofauti. Tuseme kioo kinapokea picha 60 kwa sekunde. Kwa wastani kila picha inadumu milisekunde 16 na kitu. Sasa kadi mbili zinapokezana, lakini hazikuachiana nafasi sawa: picha moja inakaa milisekunde 5, inayofuata inakaa 28, kisha 5, kisha 28. Wastani ni uleule, na kipimo kitaandika 60 bila aibu. Mchezaji anaona kitu kingine, mwendo unaokwama kidogo kidogo kama wa picha 35, kwa sababu zile za milisekunde 5 zinapita kabla jicho halijazitumia. Waliokuwa na SLI walilalamika hivyo kwa miaka, na kujibiwa kwamba namba iko juu, tatizo liko wapi? Ilichukua mpaka 2011 waandishi wa vifaa vya kompyuta walipoanza kupima muda wa kila picha badala ya idadi ya picha kwa sekunde, na mwaka 2013 Nvidia yenyewe ikatoa kifaa cha kupima hilo, kilichoiumbua zaidi AMD. Agosti mwaka huo AMD ikatoa draiva ya kusawazisha mwendo. Mimi naona hiyo ndiyo hukumu muhimu zaidi katika historia nzima ya kadi mbili: watu walikuwa wamelipia namba.

Mtu wa Kigoma ana bahati ya kuwa na mfano wa jambo hili ziwani. Wavuvi wa dagaa wa Tanganyika wengi hutumia kipe: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa magogo, taa zikiwaka juu ya maji, na wavu mmoja mkubwa ukiteremshwa kati yao. Mitumbwi ni miwili lakini wavu ni mmoja, kwa hiyo upande mmoja ukivuta haraka na mwingine ukachelewa, wavu unainama na dagaa wanamwagika. Kadi mbili za michoro zikiwa na kioo kimoja ziko hivyohivyo. Zingekuwa na nyavu mbili, kila moja na wake, isingekuwepo haja ya kungojana.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawakuipenda, nayo ni ya kumbukumbu. Kadi mbili za GB 4 hazitoi GB 8 kwenye gemu. Kila kadi lazima iwe na nakala yake ya ramani, nguo, kuta, nyuso, kwa sababu kila moja inachora dunia nzima zamu yake inapofika. Umelipa GB 8, unatumia 4. Gemu likitaka 6, kadi zote mbili zinakwama pamoja.

Halafu kuna njia ya kupitishia mizigo. Picha iliyochorwa na kadi ya pili lazima ifike kwenye kadi ya kwanza, ndiyo iliyounganishwa na kioo. Daraja la zamani la SLI, kile kipande kifupi kinachokaa juu ya kadi zote mbili, lilipitisha takriban GB 1 kwa sekunde. Picha moja ya kioo cha 4K ni pikseli milioni 8.3, kila pikseli baiti nne, jumla MB 33. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, 30 kati yake zinatoka kadi ya pili: karibu GB 1 kwa sekunde. Daraja limejaa, na bado hatujatuma kitu kingine chochote. Linganisha na ndani ya kadi. GTX 1080 ya mwaka 2016 huzungumza na kumbukumbu yake kwa GB 320 kwa sekunde. Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo letu la vikokotoo elfu tatu. Vile vinapatana kwa sababu vinakula sahani moja. Kadi mbili zinatumiana barua.

Barua zikawa nyingi. Magemu ya kuanzia miaka ya 2010 yalianza kutumia ujanja wa kulainisha picha kwa kuchanganya picha ya sasa na zilizopita, na kuhifadhi hesabu za mwanga ili zitumike tena kwenye picha inayofuata. Ujanja huo ni mzuri mno kwa kadi moja, kwani picha iliyopita ipo palepale. Kwa kadi zinazopokezana ni maafa: picha iliyopita siku zote iko kwa jirani. Kadi ya kwanza inasimama kungoja kazi ya pili, ya pili inangoja ya kwanza, na mwisho wake unapata kasi ya kadi moja kwa bili ya kadi mbili. Magemu mengine yalikimbia taratibu zaidi SLI ikiwashwa kuliko ikizimwa.

Baada ya hapo mazishi yalikwenda haraka. Mwaka 2016 GTX 1060, kadi ya watu wa kati, ilitoka bila hata sehemu ya kuwekea daraja. DirectX 12 ilikuwa imewapa watengenezaji wa magemu uwezo wa kugawa kazi wenyewe kati ya kadi, hata za makampuni tofauti. Gemu la Ashes of the Singularity lilionyesha AMD na Nvidia zikifanya kazi bega kwa bega ndani ya kasha moja. Lilikuwa jambo la kupendeza, na karibu hakuna aliyeiga, maana studio gani italipa wahandisi miezi kadhaa kwa ajili ya wachezaji wachache mno wenye kadi mbili? AMD iliacha CrossFire kwenye RX 5700 mwaka 2019. Mwaka 2020 Nvidia ilibakiza tundu la daraja kwenye RTX 3090 peke yake, ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 haitaandaa tena mipangilio mipya ya SLI kwa kadi zake za nyuma. RTX 4090 ya 2022 haikuwa na daraja kabisa.

Ndiyo sababu soko la mtumba sasa lina kadi nyingi za zama zile, na ndiyo sababu muuzaji ana hamu ya kukuuzia jozi. Hapa Kigoma jozi hiyo ina gharama zake za ziada. Chukua GTX 780 Ti mbili, kila moja ya wati 250. Ukijumlisha prosesa na vingine, kompyuta hiyo yaweza kuvuta wati 700 ukutani gemu likipamba moto. Ukicheza saa nne umemaliza uniti 2.8, na kwa bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO hiyo ndiyo LUKU ya shilingi 1,000. Kila siku kwa mwezi ni uniti 84. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, imetolewa kwenye nafuu yake na mashine moja, kabla mama hajawasha friji. Mkoa ulioishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli, unajua kuheshimu uniti.

Wati hizo zote hugeuka joto. Kadi mbili zikibanana, ya juu inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na ya chini, na chumba chenyewe kimeezekwa bati, na kiangazi vumbi la barabarani linaingia bila hodi. Kadi ikipata joto kupita kiasi inajipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo hata kile kidogo ulichotarajia kinapungua. Nimeona pia watu wakijaribu kufunga kadi ya pili kwenye kompyuta za ofisi za mtumba. Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo ina pawa saplai ya wati 240. Hiyo haibebi hata kadi moja kubwa, achilia mbali mbili, na pawa saplai za bei ya chee zinazoandikwa "700W" ubavuni mara nyingi zimeandikwa hivyo ubavuni tu. Kikiungua kitu, muuzaji yuko Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja, na kifurushi cha kurudisha unakilipia wewe.

RTX 4060 moja, yenye GB 8, hula wati 115 na huzishinda GTX 970 mbili zinazokula 290. Sioni la kujadili hapo.

Lakini nilisema kuna kazi nyingine. Kigoma ni mji wa muziki. Waliokuwepo 2012 wanaukumbuka mradi wa Kigoma All Stars na wimbo wao "Leka Dutigite". Wenye muziki wana video, na wenye video wana maedita, ambao hukaa usiku wakisubiri kompyuta ikamilishe kazi. Kwao kadi ya pili ina maana. Programu ya Blender huweza kuchora picha moja kwa kadi kadhaa, hata zisizofanana, kwa sababu miale ya mwanga inayohesabiwa kwenye kona moja ya picha haingoji kona nyingine. Hakuna anayeangalia picha zikipita, kwa hiyo hakuna wa kukwazwa na milisekunde 28. DaVinci Resolve nayo hutumia kadi zaidi ya moja, ila lile toleo la kulipia. La bure kwenye Windows hutumia moja, na hili edita alijue kabla hajatoa fedha.

Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikwenda mbali zaidi. Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipobadili mfumo wake na kuachana na uchimbaji, watu walipanga kadi sita, nane, kumi na mbili kwenye fremu ya mbao na kila moja ikafanya bahati nasibu yake bila kumjua jirani. Zilichomekwa kwa waya mwembamba ambao gemu lingeukataa siku ya kwanza. Ng'ambo ya pili ya mipaka yetu, Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji wa Luviro kwa mashine za Bitcoin. Zile si kadi za michoro, ni mashine maalumu, lakini kanuni ni ileile: kila mtumbwi na wavu wake. Sehemu ya kadi za mtumba zinazozunguka leo zilitoka kwenye fremu hizo za Ethereum, kwa hiyo uliza feni zake zimezunguka miaka mingapi.

Kichekesho kikubwa kimeletwa na akili mnemba. Ile kumbukumbu iliyokataa kujumlishika kwenye gemu, huku inajumlishika. Modeli kubwa ya lugha imepangwa kwa tabaka, themanini hivi kwa zile za vigezo bilioni 70, na unaweza kuweka tabaka arobaini kwenye kadi moja na arobaini kwenye nyingine. RTX 3090 mbili za GB 24 zinakuwa na GB 48, na modeli iliyobanwa vizuri inaingia. Kinachovuka kutoka kadi ya kwanza kwenda ya pili kwa kila neno linaloandikwa ni orodha ya namba 8,192, yaani KB 16. Kumbuka picha ya 4K ilikuwa MB 33. Barua imekuwa fupi mara elfu mbili, na ghafla umbali kati ya kadi si tatizo tena. Kadi ileile ambayo kwenye gemu ilikosa mwenza sasa inatafutwa jozi jozi na watu ambao hawajawahi kuicheza.

Nirudi kwa kijana mwenye tundu tupu. Kama anacheza peke yake na kioo kimoja, auze kadi aliyo nayo, aongeze fedha, anunue moja bora. Kama tayari anayo kadi ya pili ya bure, anaweza kuipa kazi ndogo: programu ya Lossless Scaling huiachia kadi kubwa gemu lenyewe na kuipa ndogo kazi ya kubuni picha za kati, na inafanya vizuri kuliko SLI ilivyowahi, kwa sababu haiombi zamu sawa.

Kama ana banda la gemu, mambo yanageuka. Wateja wa banda huja wawili wawili, na kila mmoja anataka kioo chake. Mwaka 2016 kundi la Wakanada wa Linus Tech Tips walionyesha kompyuta moja yenye prosesa kubwa na kadi saba ikihudumia wachezaji saba, kila mmoja na kioo na kibodi yake, kwa kuigawa mashine kuwa kompyuta saba za ndani kwa ndani. Yao ilikuwa ya mamilioni. Ya wawili haihitaji makuu: kompyuta ya kazi nzito ya mtumba, kama HP Z620 yenye pawa saplai ya wati 800 na prosesa ya Xeon, kumbukumbu ya kutosha GB 32, na kadi mbili za kawaida ambazo hazitasemeshana hata mara moja. Kabla ya kulipa, mwambie fundi aingie BIOS akuonyeshe kwamba VT-d ipo na inawashika, maana bila hiyo kadi haikabidhiki kwa mashine ya ndani. Na aangalie kila kadi iwe na waya wake wa umeme kutoka pawa saplai, si mmoja uliogawanywa kwa kiunganishi cha dukani.